Bastola ya Mpima Ardhi

Mashine ya kutafutia chuma ililia kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu Milada Hruska akapiga magoti vumbini akachimba. Alichimba mpaka sepetu ikazama yote. Alipata mizizi, na sisimizi wekundu waliopanda mkononi kumdai maelezo. Chuma hakikuwapo.

"Ongeza kidogo," alisema baba yake, aliyekuwa amesimama nyuma ya bega lake kama msimamizi wa barabara. "Ile nondo ya mpaka niliikita chini sana. Enzi zetu tulikuwa tunakita."

"Baba, haya ni mashimo matatu."

"Basi la nne ndilo lenyewe."

Milada akasimama, akafuta jasho kwa mkono wa shati, akaishika tena mashine. Akaielekeza mbele, kimya. Akaielekeza kushoto, kimya. Akaigeuza kulia, kule alikokuwa mzee, ikapiga ukelele uliowafukuza kware kutoka vichakani. Akafuata kwa macho pale ncha ya mashine ilipokuwa inaelekea. Ilikuwa inaelekea kiunoni mwa baba yake.

"Mungu wangu," alisema taratibu. "Ni bastola. Asubuhi yote hii nachimba bastola yako."

"Usianze."

"Ivue uiweke garini."

"Na nyoka je?"

Hiyo "na nyoka je" Milada alianza kuisikia kabla hajajua kusoma. Emil Hruska alikuwa na miaka sabini na minane. Kwa miaka hamsini na mmoja alipima ardhi katika pori la miiba kusini mwa Texas, na katika miaka hiyo yote hakuingia kichakani hata siku moja bila ile bastola nyeusi upande wa kulia. Risasi za nyoka, zenye chembe ndogondogo kama punje za mtama, alizitengeneza mwenyewe kwenye meza ya jikoni. Ili asizichanganye na risasi za kawaida, kila moja aliipaka nukta nyekundu kwenye kitako kwa rangi ya kucha ya mkewe. Marehemu Albina alikuwa na kichupa kimoja tu, cha Pasaka na cha harusi, na kila Pasaka alikikuta kikavu. Milada aliukumbuka ugomvi huo kuliko alivyokumbuka nyimbo za kanisani.

Na nyoka waliokufa kwa bastola hiyo? Kwa hesabu ya familia, wawili. Vitu vingine vilivyopigwa ni kofia moja, chupa ya maji ya kubeba, gurudumu la pikapu mara mbili, gurudumu lile lile, na ncha ya kiatu chake mwenyewe, ambacho kwa bahati kilikuwa kimemzidi ukubwa. Hesabu ya mzee ilikuwa tofauti, na iliongezeka kila Krismasi.

Milada naye alikuwa mpima ardhi, mwenye leseni yake, miaka arobaini na sita. Yeye alivaa kinga ngumu kuanzia kifundo cha mguu hadi gotini, akatembea na fimbo ndefu, akigonga ardhi mbele yake. Nyoka akisikia hupisha, na kazi inaendelea. Baba yake aliziita kinga hizo mabomba ya jiko.

"Unavaa mabomba ya jiko halafu unanicheka mimi," alisema sasa.

"Sijacheka, Baba. Nikuombe jambo moja. Sogea hatua ishirini. Kaa pale kwenye kivuli, ulinde nyoka wa huko."

Akasogea, akinung'unika kwa Kicheki, lugha aliyoitumia kwa sala na kwa manung'uniko tu. Milada akapitisha mashine tena, na safari hii ikalia kwa sauti nyembamba mahali ambapo hakupategemea kabisa, chini ya mgunga mdogo. Akachimba, na sepetu ikagonga chuma. Nondo ya mwaka sabini na nne ilikuwa hapo, imekula kutu, na kofia yake ya shaba imeandikwa HRUSKA.

Hakufurahi hata kidogo, maana alijua nondo hiyo inamaanisha nini.

Upande wa mashariki wa nondo kulikuwa na mbuzi themanini na saba wa Bi Chavela Treviño, na nyumba yake yenye baraza la bati. Upande wa magharibi palikuwa na shamba kubwa lililouzwa mwaka jana kwa mtu wa Houston aitwaye Lanham. Katikati kilisimama kisima cha Bi Chavela, na kile kinu cha upepo kilichokuwa kikivuta maji tangu baba mkwe wake akiwa kijana. Majirani wa zamani hawakuwahi kujenga uzio. Mbuzi walikunywa, ng'ombe walikunywa, hakuna aliyeuliza mpaka uko wapi. Lanham alipofika aliisoma ramani. Ramani ilisema mpaka unanyooka kutoka kwenye jiwe la barabarani, maili moja kwenda kusini, hadi kwenye nondo ya Hruska. Ukiunyoosha hivyo, kisima kinaangukia kwake, kwa futi thelathini.

Wajenzi wa uzio walikuwa wanakuja Jumatatu. Leo ilikuwa Ijumaa.

Lanham hakuwa mtu mbaya, na hilo nalo lilikera, kwa sababu hukuweza hata kumchukia vizuri. Alimwambia Milada kwenye simu, kwa adabu, kwamba anajua nondo za sabini na nne si neno la mwisho. Wapimaji wa kwanza, wa mwaka elfu moja mia nane themanini na tatu, waliweka rundo la mawe kwenye kona ile, na sheria inayatambua mawe ya kwanza kuliko kitu kingine chochote. "Nionyeshe mawe," alisema, "nami nitausogeza uzio. Usiponionyesha, naufuata mpaka wa baba yako."

Mpaka wa baba yako. Milada alikaa na maneno hayo wiki nzima. Alikuwa ameshapima kwa mashine yake inayosoma setilaiti, na mashine ilimwambia kwamba kona inayotajwa kwenye hati haiko hapa. Iko futi tisini na mbili magharibi. Lakini mashine inasoma karatasi tu, haioni mawe. Na kumwambia Emil Hruska kwamba mstari wake umepinda ni sawa na kumwambia padri kwamba ndoa zote alizofungisha ni batili.

"Umeiona?" mzee alipaza sauti kutoka kivulini. "Si nilikwambia? Wima kama siku niliyoiweka!"

"Nimeiona, Baba."

"Imepinda?"

"Haijapinda."

"Basi!"

Ndipo bastola ikalia.

Milada alijikuta amelala kifudifudi bila kujua ameangukaje. Alipoinua kichwa alimwona baba yake amesimama miguu imepanuka, moshi mwembamba ukipanda mbele yake, na hatua tatu kutoka kwake maji yakiruka angani kwa michirizi kumi, kumi na miwili, safi kabisa, juani.

"Nimempata!" alisema Emil.

"Umempata nani?"

"Mweusi, mrefu, alikuwa anakuja kwenye…" Akainama. "Huu ni mpira wa maji."

Ulikuwa mpira wa maji wa Bi Chavela, uliotoka kisimani kwenda kwenye birika la mbuzi, mkongwe, uliokauka kwa jua la miaka mingi. Bi Chavela mwenyewe alikuwa tayari anakuja kutoka nyumbani, mwanamke mfupi wa miaka sabini na tatu, mkono mmoja ameshika kofia na mwingine sufuria iliyofunikwa kwa kitambaa.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Mpira wako, Bi Chavela," alisema Milada. "Nisamehe. Naufunga sasa hivi."

Bi Chavela akautazama mpira, akamtazama Emil kuanzia kofia hadi viatu.

"Emil Hruska. Nina shida na mtu wa Houston anayetaka kuninyang'anya maji, na wewe unakuja kuyapiga risasi?"

"Ulifanana na nyoka."

"Umefanana na mpira! Upo hapo tangu mume wangu yuko hai! Umeuruka mara ngapi ukija kunywa kahawa yangu?"

"Chavela, jua lilikuwa machoni."

"Jua liko mgongoni mwako, mzee we. Shika hii." Akamtia sufuria mikononi. "Taco za mayai. Kula, angalau mikono yako iwe na kazi."

Milada aliufunga mpira kwa utepe mweusi, tundu baada ya tundu, huku maji yakimlowesha kifua. Alikuwa amechoka uchovu ambao haukuwa wa kuchimba. Alitaka kumwambia baba yake kila kitu palepale, na mstari, na futi tisini na mbili, na Jumatatu, amwage yote mbele ya Bi Chavela. Akamwona anavyokula, ameinamisha shingo, makombo ya yai kwenye masharubu, akashindwa.

Alikuwa anafunga tundu la saba alipokumbuka mashine. Akaacha kufunga.

Kama bastola ile iliweza kuidanganya mashine kwa umbali wa hatua mbili, je, sindano ya dira?

"Baba," aliita. "Mwaka ule wa sabini na nne mstari huu uliupiga kwa chombo gani? Kwa darubini?"

"Darubini wapi, pori lote hili? Usingeona hata pua yako. Kwa dira, na mnyororo wa kupimia. Dira ya babu yako."

"Unayo?"

Swali la kijinga. Dira ilikuwa nyuma ya kiti cha pikapu, ndani ya sanduku lake la mbao, mahali ilipokaa miaka yote kama mtoto mchanga. Emil alifuta mikono, uso umeng'aa. Ilikuwa miaka kumi tangu mtu amwombe aitoe.

"Nionyeshe ulivyosimama," alisema Milada. "Nataka kuona ulivyokuwa unafanya."

"Sasa ndiyo umeanza kuongea maneno ya maana. Siyo hayo masetilaiti." Akaukita mkongojo wa dira ardhini, akaifunga dira juu yake, usawa wa kifua. Kisha akageuka akawa Emil Hruska wa zamani, yule aliyewatetemesha vibarua. "Sepetu mbali! Hatua kumi na tano, kule, hapo hapafai, mbali zaidi. Mashine yako kwenye gari. Na gari lenyewe lirudishwe nyuma. Milada, una mkanda wa chuma? Vua. Chavela, hizo bangili."

"Hizi ni fedha."

"Vua tu. Sindano haipendi chuma karibu. Nilimfukuza kazi mtu mmoja, Leroy Kubala, kwa sababu ya koleo mfukoni. Koleo dogo hivi! Nikamwambia, Leroy, unanipindishia Texas nzima."

Milada alivua mkanda akautupa. Utotoni alivuliwa mkanda hivyo hivyo, pini za nywele, hata medali ya ubatizo, akasimama kichakani ameshika suruali kwa mkono, kwa sababu baba yake hakukubali hata chembe ya chuma karibu na sindano. Na kila mara, kila mara, yeye mwenyewe aliinama juu ya dira na ratili mbili na nusu za chuma kiunoni. Hakuna aliyewahi kulisema. Milada mwenyewe hakuliona, na alikuwa na leseni. Bastola ile ilikuwa sehemu ya mwili wake, kama goti.

Emil aliinama, akafumba jicho moja, akaisubiri sindano itulie. "Hapa," alisema, akataja kipimo kwa sauti ya mtu anayesoma Injili.

Milada akakiandika.

"Sasa vua bastola, Baba."

"Na nyoka je?"

"Baba. Vua bastola."

Kulikuwa na kitu kwenye sauti yake. Mzee akamtazama, akamtazama Bi Chavela aliyekuwa ameshika bangili zake kifuani, kisha akafungua mkanda wa bastola pole pole. Milada akaipokea, akatembea nayo hatua ishirini hadi kwenye gari, akailaza juu ya boneti.

Emil alikuwa bado ameinama juu ya dira. Sindano ilikuwa imesogea.

Haikusogea sana. Digrii moja tu, upana wa unywele. Lakini unywele huo ukitembea nao maili moja kichakani, unafika mwisho umekosa kona kwa futi tisini na mbili.

"Imesogea," alisema Bi Chavela.

"Nimeona," alisema Emil.

"Yaani sindano imetembea yenyewe."

"Chavela, nimeona."

Milada alikuwa na maneno tayari, tangu ana miaka sita alikuwa anayaandaa. Alitaka kumuuliza kuhusu Leroy Kubala na koleo lake. Alitaka kumuuliza kuhusu medali ya ubatizo. Lakini mzee alikuwa ameshika mkongojo wa dira kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa kuanguka.

"Twende tukatafute mawe," alisema badala yake. "Futi tisini na mbili magharibi. Bi Chavela, tufuate kwa nyuma, tafadhali, ukanyage nilipokanyaga."

Walikwenda wote watatu, Bi Chavela amebeba sepetu. Emil alitembea wa katikati, mkono wake wa kulia ukining'inia vibaya, haujui pa kukaa. Milada alihesabu, akigonga kwa fimbo. Kwenye futi ya themanini walikutana na msitu mdogo wa mipungate yenye miiba, mikubwa kuliko mtu. Akapita ubavuni. Kwenye futi ya themanini na nane zikalia njuga.

Hakuna sauti nyingine inayofanana na hiyo, wala mpira wa maji hauitoi. Nyoka alikuwa amejikunja kwenye kivuli, mnene kama mkono wa mtu mzima, kichwa kimeinuka, mkia wenye njuga ukitikisika. Mkono wa Emil ulikwenda kiunoni, ukapapasa, ukapapasa tena.

"Tulia," alisema Milada. "Msiongee. Rudini hatua mbili."

Akasubiri. Kisha akaunyoosha mkono na fimbo yake ndefu, akagonga ardhi taratibu upande mmoja wa nyoka, si karibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya watu wazima. Akagonga tena. Njuga zikapungua. Nyoka akashusha kichwa, akajikunjua, akapita zake kuingia mipungateni bila haraka, na mkia ndio wa mwisho kupotea.

Milada akashusha fimbo.

"Basi?" aliuliza Emil.

"Basi."

"Ni hivyo tu?"

"Miaka hamsini na mmoja, Baba," alisema Milada, na sasa sauti ikamtoka, kubwa kuliko alivyokusudia. "Ni hivyo tu! Unagonga, anaondoka! Nimekwambia Pasaka, nimekwambia Krismasi, Mama amekwambia mpaka amekufa! Hivyo tu!"

Mzee alikuwa anapatazama pale nyoka alipokuwa amelala. Nyasi zilikuwa zimelazwa, na katikati ya nyasi kulikuwa na jiwe, na ubavuni mwa jiwe, jingine.

Milada akapiga magoti. Aliondoa nyasi kwa mikono, kisha akaomba sepetu. Mawe yalikuwa yamezama karibu yote, lakini yalikuwa yamepangwa, na katika pori lile hakuna mawe mengine kwa nusu maili, kwa hiyo kuna mtu aliyabeba kuja hapa. La katikati alilisafisha kwa kiganja. Juu yake palikuwa na msalaba, mistari miwili iliyochongwa kwa tindo, imefifia lakini imenyooka.

Bi Chavela alikaa chini pale pale, juu ya vumbi, na sketi yake nzuri.

"Hayo ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe. Ya elfu moja mia nane themanini na tatu."

"Kwa hiyo maji ni yangu."

"Yalikuwa yako siku zote," alisema Milada, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka. Bi Chavela akajifunika uso kwa kofia, mabega yakawa yanacheza, na hawakumuuliza kama analia au anacheka.

Milada aliendelea kusafisha pembeni mwa rundo, maana picha ya kumpelekea Lanham ilitakiwa kuwa safi. Sepetu ilikwangua kitu kidogo, kikatoa mlio. Akakiokota. Lilikuwa ganda la risasi, la shaba, limegeuka kijani. Chini yake lilikuwepo jingine. Akayahesabu kwenye kiganja: sita, yote yamelala pamoja, kama yaliyomwagwa kwa mara moja na mtu aliyetaka kujaza upya kwa haraka. Akayageuza. Kwenye vitako vya mawili, ndani ya kile kidimbwi kidogo ambapo mvua haikufika vizuri, kulikuwa bado na doa jekundu.

Alilifahamu jekundu hilo. Lilikuwa la Pasaka.

Angeweza kufumba kiganja. Alifikiria, na alikuwa na muda wa kutosha kufikiria. Angeweza kuyatia mfukoni na kumwachia mzee kosa moja, la dira, ambalo mtu yeyote angeweza kulifanya. Lakini kivuli kikamwangukia, na baba yake alikuwa ameshaona.

Emil alichuchumaa kwa shida, goti likilia. Alichukua ganda moja, akalishika karibu na jicho.

"Agosti," alisema. "Jua kali. Kulikuwa na nyoka juu ya mawe. Mkubwa."

"Baba, si lazima."

"Nikapiga sita zote. Sikumpata. Nikamwaga maganda, nikajaza, mikono inatetemeka hivi. Nikayaona mawe, Milada. Niliyaona." "Nikajiambia, ni mawe tu, kona iko kule mashariki, dira inasema futi tisini kule. Na sikutaka kuyasogelea. Palikuwa na nyoka."

Bi Chavela alikuwa ameshusha kofia. "Emil," alisema, na kwa mara ya kwanza hakumtania. "Ulisimama kwenye mpaka wangu."

"Nilisimama juu yake. Nikaupiga risasi, nikaondoka."

Milada alitoa daftari, kwa sababu hakujua afanye nini kingine na mikono yake. Aliandika tarehe. Aliandika rundo la mawe, urefu na upana, jiwe la katikati na msalaba. Aliandika umbali kutoka kwenye nondo ya Hruska, futi tisini na mbili. Akapiga mstari chini, akafunga daftari.

"Hujamaliza," alisema Emil.

"Nimemaliza. Mawe yanatosha. Lanham ameomba mawe."

"Nilikufundisha nini?"

"Baba, tafadhali. Leo usinifundishe."

"Ukifika kwenye kona unaandika nini?"

Milada alivuta pumzi. Alikuwa na miaka arobaini na sita na bado sauti ile ilimfanya asimame wima. "Kila nilichokikuta."

"Umekuta nini?"

Akafungua daftari. Akaandika: na maganda sita ya risasi, shaba, mawili yenye rangi nyekundu. Akasita na kalamu hewani.

"Andika ni ya nani," alisema mzee. "Nitatia sahihi hapo pembeni. Na uandike habari ya sindano. Yote, na digrii zake. Mwachie Lanham asome, na wakili wake asome."

Aliandika. Baba yake akachukua kalamu, akatia sahihi ile ile iliyokuwa chini ya ramani zote za wilaya hiyo, herufi kubwa H yenye mkia. Alipomrudishia kalamu, Milada alihisi wepesi, kwamba imekwisha, kwamba Jumatatu wajenzi wa uzio watakuja na kuambiwa wasogee, kwamba mbuzi watakunywa. Akaanza kukusanya vitu vyake.

Emil hakuondoka. Alikuwa amesimama anatazama kaskazini, kule pori lilikoendelea hadi lilipokutana na mbingu, kijivu na miiba, shamba baada ya shamba, na midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti. Milada alimjua. Alikuwa anahesabu.

"Baba," alisema. "Mistari mingine uliyopiga kwa dira. Kichakani. Na bastola kiunoni."

"Mm."

"Ni mingapi?"

Mzee hakugeuka. Mkono wake wa kulia ulikwenda kiunoni, ukakuta hakuna kitu, ukabaki hapo.

"Kalete daftari jingine," alisema.